Siku Moja Peke Yako Ruma: Mwongozo kwa Mwenye Kumtafuta Korongo

Mwenye hamu ya kuwaona wanyama wa porini katika nchi ya Kenya aghalabu huelekezwa Mara, Amboseli au Tsavo, na ni nadra kuambiwa kwamba magharibi ya nchi, karibu na ufuo wa Ziwa Viktoria, kati ya magenge ya Kanyamwa na vilima vya Gwasi, liko bonde la majani marefu ambalo ndilo maskani ya mwisho katika nchi nzima ya mnyama mmoja mwenye haiba kubwa, naye ni korongo. Bonde hilo ni Lambwe, na sehemu yake iliyohifadhiwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, ni Mbuga ya Taifa ya Ruma katika kaunti ya Homa Bay. Maneno haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu wa Migori au wa Homa Bay, au mgeni aliyeletwa pande hizo na shughuli zake, ambaye amejaliwa siku moja ya wasaa, hana mwenzi wa kufuatana naye, na angependa kuitumia siku hiyo katika kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu. Rai yangu ni kwamba aende kwa ajili ya korongo, hata kama hatajaliwa kumwona, kwa kuwa mwenye kumtafuta korongo kama ipasavyo atakuwa amefanya kila jambo linalompasa mtu ili awaone wanyama wengine wote wa bonde lile.

Yafaa basi umjue kabla ya kumtafuta. Korongo ninayemtaja hapa si ndege wa miguu mirefu, bali ni mnyama wa jamii ya swala, mkubwa wa kimo, ambaye katika jamii hiyo ni wachache sana barani Afrika wanaompita, pofu akiwa wa kwanza wao. Rangi yake ni hudhurungi iliyochanganyika na wekundu. Shingo yake nene ina singa zilizosimama. Masikio yake ni marefu yenye vishungi nchani. Pembe, ambazo dume na jike wote wanazo, zina mapingili na zimepinda kuelekea nyuma. Na uso wake mweusi una mabaka meupe machoni na mdomoni, hata ukimwona akikutazama hutamsahau. Hupenda majani marefu yasiyokuwa mbali na maji, na jike akizaa humficha ndama majanini kwa wiki kadhaa, akimwendea kumnyonyesha na kumwacha tena. Sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu katika Kenya yote, na hao wote makazi yao ni Ruma. Zamani walikuwapo hata Mara, nako wametoweka. Na wale waliohamishiwa Shimba Hills huko pwani katika miaka ya 1970 hawakudumu. Waliowamaliza ni vitanzi vya waya vya majangili, mashamba yaliyokula nyika, na fisi wanaowanyakua ndama ambao kundi dogo halina uwezo wa kuwafidia.

Msomaji atauliza ilikuwaje bonde hili moja likabaki na wanyama katika nchi ya Waluo yenye watu wengi, mifugo mingi na kiu kubwa ya ardhi. Jawabu ni mbung'o. Mdudu huyu, ambaye huambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale, aliifanya Lambwe kuwa nchi ya kuogopwa kwa vizazi vingi, hata wachungaji wakalazimika kubaki kingoni mwa bonde, na mahali ambapo mkulima alishindwa kukaa korongo na taya wakapata nafasi ya kuishi. Serikali iliitangaza sehemu hiyo kuwa hifadhi mwaka 1966, ikiitwa kwa jina la Lambwe, na mwaka 1983 ikapandishwa daraja na kuwa mbuga ya taifa yenye jina la Ruma. Sisemi kwamba mbung'o ni rafiki. Watu wamekufa kwa ajili yake, na karibu na mwaka 1980 malale yalizuka humo bondeni kwa ukali. Lakini ni haki mgeni ajue kwamba utulivu atakaoukuta umelipiwa kwa siha za watu wa Lambwe na mifugo yao, na kwa sababu hiyo awasalimu kwa heshima anapopita vijijini mwao, wala asitimue vumbi mbele ya milango yao kwa haraka ya kufika langoni.

Kuhusu majira, masika ya kuanzia Machi hadi Mei hayafai kwa mtu aliye peke yake. Udongo wa bondeni ni mweusi, wenye kunata, na mvua ikishaulowesha huyashika magurudumu ya gari hata la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Na waliokwama wawili mmoja husukuma na mwingine huendesha, ilhali aliyekwama peke yake hana la kufanya ila kungoja. Januari na Februari ni miezi mizuri. Mimi lakini huichagua Julai na Agosti, kwa sababu majani yamekwisha kupungua, maji yamebaki mahali pachache ambapo wanyama hawana budi kupaendea, na fauka ya hayo mbayuwayu wa buluu angali yupo, ndege adimu anayezaliana nyanda za juu za kusini, zikiwamo za Tanzania, na kuja kukaa Ruma tangu karibu na Aprili hadi Septemba. Huyu ni mdogo, mweusi kwa mbali na wa buluu inayong'aa akipigwa na jua, mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu, na hupita chini chini juu ya majani akikamata wadudu. Wapo wapenda ndege wanaovuka bahari kwa ajili yake tu, naye msomaji wa Migori anaweza kumwona na kurudi kulala nyumbani.

Njia ni nyepesi. Atokaye Migori na ashike barabara kuu hadi Rongo, akunje kushoto kwa Rodi Kopany na kuteremka mpaka Homa Bay mjini, kisha afuate barabara ya Mbita mpaka aone kibao cha mbuga kinachomwelekeza kushoto, kuelekea bondeni. Iko pia njia ya kupitia Ndhiwa na Mirogi kwa anayeijua, ila mgeni aliye peke yake nampa shauri la kuifuata ile ya kwanza. Wanaotaka kuondoka Migori alfajiri na kufika lango likifunguliwa hujitaabisha bure. Ni bora kulala Homa Bay usiku wa kuamkia safari, ukala ngege wako mapema, ukajaza mafuta na kupima upepo wa magurudumu, kisha ukaamka gizani ukiwa umepumzika. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ina thamani kuliko saa nne zinazoifuata. Wako watakaokwambia uunganishe safari hii na Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe ya Migori iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, au na Simbi Nyaima, ziwa la shimoni karibu na Kendu Bay ambalo hutembelewa na heroe. Usikubali. Mahali hapo pote panastahili siku yake, na anayetaka kuona vitatu kwa siku moja huona barabara tu.

Asiye na gari asikate tamaa, ila ajue kwamba bodaboda itamfikisha langoni na haitamwingiza ndani, wala hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu mbugani bila ya askari. Itambidi akodi gari Homa Bay pamoja na dereva, naye amchague dereva mwenye kukubali kuzima injini na kukaa kimya, jambo ambalo yafaa walipatane kabla ya bei. Kiingilio hulipwa kwa simu au kwa kadi kupitia mfumo wa serikali, si kwa fedha taslimu. Basi lipa ukiwa mjini penye mtandao, uhifadhi risiti. Ndani hakuna duka wala mkahawa. Chukua maji ya kutosha siku nzima na akiba yake, chakula kisichohitaji moto, gurudumu la akiba lenye upepo, jeki na ubao wa kuiwekea ili isizame katika udongo, kamba ya kuvutia gari, darubini, kofia, daftari na kalamu. Darubini ndiyo nisiyokuruhusu kuiacha. Kamera unaweza, na huenda ukaona zaidi kwa kuiacha.

Sasa nirudi kwa mbung'o, kwa maana wengi humpuuza mpaka wamo ndani. Yeye huvutwa na kitu kinachokwenda, na rangi zimpendezazo ni buluu na nyeusi. Ndiyo sababu utaona mbugani vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa, na hiyo ni mitego ambayo hupewa harufu ya kumvuta, mathalan ya mkojo wa ng'ombe. Katika eneo hili elimu ya kumdhibiti ilisukumwa mbele na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambacho tawi lake la Mbita, si mbali na hapo, limepewa jina lake. Mitego hiyo usiiguse. Mavazi yako yawe ya rangi ya mchanga au ya majani makavu, mikono mirefu, suruali ndefu na soksi, na kitambaa kiwe kizito kwa sababu mdomo wake hupenya kitambaa chepesi. Dawa ya kupaka husaidia kidogo, usiitegemee. Gari linapokwenda funga vioo. Ukisimama ngoja kidogo, uwaue walioingia, kisha ufungue upande wa kivulini. Kuhusu malale yenyewe, habari ni njema: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa kama tatizo la afya ya umma, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini ni wa mwaka 2009. Hata hivyo ukipata homa, kuumwa kichwa au kidonda mahali ulipoumwa katika wiki zinazofuata, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba ulikuwa Lambwe, kwa kuwa asipoambiwa atafikiria malaria peke yake, nayo malale hutibika yakiwahiwa na huua yakicheleweshwa.

Ukifika langoni usipite kama anayekimbizwa. Waulize askari majani yameungua wapi na kuchipua upya, maji yamebaki wapi, njia ipi haipitiki, na korongo walionekana mara ya mwisho upande gani; uwaachie nambari yako na saa unayotarajia kutoka, na uchukue yao. Kama uwezo upo, omba kufuatana na askari mmoja kwa ada yake. Wako watakaosema kwamba hiyo si safari ya peke yako tena, lakini mimi naona faragha unayoitaka ni ya macho na moyo, na askari wa Ruma aliyezoea kazi yake hajui kupiga soga mbele ya wanyama.

Asubuhi anza kwa kuelekea magharibi, ili jua liwe mgongoni mwako na nuru iwe usoni mwa kinachotazamwa. Nenda polepole, halafu simama. Hapo ndipo safari ya mtu mmoja inapoipita ya kundi, kwa maana kundi lina anayechoka, anayetaka kuona twiga, anayeuliza saa ya kula, ilhali wewe unaweza kukaa mahali pamoja saa nzima na nusu bila ya kumtaka radhi mtu. Chagua mahali ambapo migunga hukoma na majani ya wazi huanza, uzime injini, uache vioo viwe wazi kiasi cha kusikia, na kwa darubini upapitie mpaka huo kipande kwa kipande, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, kama msomaji mzee anavyoupitia waraka wa shamba. Usitafute mnyama mzima. Tafuta sikio linalotikisika juu ya majani, mstari wa mgongo uliolala pale ambapo shina husimama, au doa jeupe lililo peke yake. Mnyama hulizoea gari lililotulia upesi kuliko unavyodhani, lakini umbo la mtu hulitambua kwa mbali. Basi usitoe kichwa na mikono nje.

Makosa ya mgeni huwa katika kuchanganya. Kongoni ana uso mrefu mwembamba na mgongo uliotelemka nyuma; nyamera ana mabaka ya weusi mapajani na mabegani na humeta juani; kuro ana manyoya mazito na baka jeupe matakoni. Korongo ni mkubwa kwao, mgongo wake hautelemki sana, shingo ina singa, na ule uso wa rangi mbili humtenga na wote. Ukimpata, usisogee. Akiinua kichwa na kukuelekezea masikio, ujue umeshafika karibu kiasi cha kutosha. Akiacha kula, umezidi. Wanyama wachache kama hawa si kundi la kujaribiwa, na jike anayetimuliwa anaweza kuwa amemwacha ndama majanini hatua chache kutoka gurudumu lako, ndiyo maana kutoka nje ya njia ya gari, jambo ambalo katika mbuga yoyote ni kosa, katika Ruma naliita dhuluma.

Usipompata, umezungukwa na wengine ambao mahali pengine wangekuwa fahari ya safari. Taya ni mdogo kuliko mbuzi, rangi ya majani makavu, mwenye doa jeusi chini ya sikio na ncha nyeusi ya mkia; hujilaza chini mpaka umemkaribia kabisa, kisha hupiga mluzi na kuruka juu. Katika Kenya mahali pa kumwona kwa urahisi ni pachache, na Ruma ni mojawapo. Twiga wa hapa ni wa Rothschild, waliohamishiwa bondeni, na utawajua kwa miguu yao isiyokuwa na madoa kuanzia chini ya magoti. Wapo nyati, punda milia, tohe, pongo, swala pala, ngiri, nyani, fisi na chui. Simba na tembo hawamo, na anayewataka hao afunge safari nyingine. Wako pia vifaru. Mwaka 2012 vifaru weusi waliletwa Ruma kutoka Mugie, Laikipia, na ukiwaona nakuusia jambo moja: usiseme mitandaoni ni wapi, na picha usiitume kabla ya kuondoa alama ya mahali ambayo simu huiandika ndani yake, kwa maana majangili nao wana simu.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa joto la bondeni huwa kali na wanyama hujificha vivulini. Wengi huutumia muda huo kuzungukazunguka kwa gari. Mimi naona heri ule, upumzike katika mahali palipotengwa kwa wageni, uandike uliyoyaona kabla hayajachanganyika, na uwatazame tai wanaopaa juu ya magenge ya Kanyamwa kwa upepo wa moto. Ikitokea pancha mahali pasipo na ruhusa ya kushuka, piga simu langoni kwanza. Ukiambiwa ubadilishe mwenyewe, zunguka kwa macho pande zote kutoka ndani, piga honi mara moja, shuka kwa upande ulio wazi, acha mlango wazi nyuma yako, na usiyakanyage majani marefu, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya nyati dume mzee ambaye hulala peke yake na hapendi kuamshwa. Simu isiposhika, kaa ndani ya gari. Saa uliyowaachia askari ndiyo itakayowaleta.

Alasiri jua likipoa, rudi pale pale palipokuvutia asubuhi, safari hii jua likiwa upande wa pili, wala usipatafute pengine papya. Ondoka mapema kiasi cha kulifikia lango saa kumi na moja na nusu bila ya kukimbia, kwa kuwa mwendo wa kasi jioni ndio unaowagonga taya na nguchiro wanaovuka njia. Na kabla ya kutoka, ondoa katika daftari karatasi moja uandike kwa hati inayosomeka: korongo wangapi, saa ngapi, mahali gani, wangapi wenye pembe ndogo za ujana, kama yuko ndama, kama yuko anayechechemea au mwenye waya shingoni au mguuni, na kama hukuona hata mmoja, andika ulikaa wapi na kwa muda gani. Askari ni wachache na bonde ni pana, na jicho lako la siku moja huenda likawa limefika mahali ambapo wao hawakupita wiki ile. Nakuomba basi, ndugu msomaji, usivuke lango kabla ya kuiweka karatasi hiyo mkononi mwa askari wa zamu.